Amina ya Angelina

Shemeji yangu Yotham si mtu wa maneno. Amechunga ng'ombe wa watu, amelima uwele na karanga hapa kijijini kwetu, nje kidogo ya Mpwapwa, akamwoa dada yangu Angelina, basi. Ukitaka zaidi ya hapo uniulize mimi, Violeth, niliyejaliwa mdomo.

Nyumbani walikuwa na utaratibu wao. Chakula kikishawekwa, Yotham anaomba, ila Amina hasemi yeye. Ananyamaza, Angelina anaitikia, ndipo mikono inaingia kwenye ugali. Nilikuwa nawacheka. Nikamwambia shemeji, siku mkeo akisafiri utakufa njaa.

"Mdogo wangu," Angelina akanijibu, "Mungu anakaa ndani yetu wote wawili. Kila mtu na kipande chake cha sala."

Halafu kanisa likapasuka. Waligombania kinanda cha kwaya, nani akitunze, watu wazima na mvi zao. Wengine wakatoka na mwinjilisti Kefa, wakajenga banda la bati ng'ambo ya korongo. Wengine wakabaki na Mzee Mazengo kwenye kanisa la zamani. Angelina alikuwa mwimbaji, akaifuata kwaya kwa Kefa. Yotham alikuwa mzee wa kanisa, akabaki. Jumapili walitoka mlango mmoja, wakaachana korongoni, mchana wakala sahani moja. Walisemwa na pande zote mbili mpaka wakazoea.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, Angelina aliugua kifua, akafia hospitalini. Yotham akakaa kwenye kigoda uani. Ukimpa pole anasema asante, kama mtu aliyepewa chumvi. Hakulia, na chakula nilichompelekea kikarudi kama kilivyo, leo hivyo, kesho hivyo. Mimi nilichukia, nasema ukweli. Nikamuuliza, "Shemeji, wewe huumii?"

"Sisikii kitu, Violeth. Hata njaa siisikii."

Hapo nikaacha kuchukia, nikaanza kuogopa. Niliona naye anatuondokea.

Asubuhi ya mazishi vijana wa Kefa wakaja kusema kaburi liko tayari, karibu na banda lao. Hawajakaa, vijana wa Mzee Mazengo nao wakafika: kaburi liko tayari, nyuma ya kanisa. Marehemu mmoja, makaburi mawili, na mfiwa hakuulizwa na yeyote. Ardhi yetu mwezi wa tisa ni ngumu kama saruji. Wangeulizana tu, wangepunguza malengelenge.

Na kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, watu wanasema litaita mtu mwingine wa kuzikwa. Basi ikawa fukieni lenu, hapana, fukieni lenu ninyi. Jeneza la dada yangu liko juani wao wanabishana.

Yotham akainuka. Akachukua jembe, akaenda nyuma ya kanisa, upande wake mwenyewe, akaanza kufukia.

Mzee Mazengo akamfuata. "Yotham, unatufanyia hivi sisi wenzako?"

"Shikamoo, mzee," akasema kwanza, maana walikuwa hawajasalimiana. "Ameimba kule, acha alale kule. Lakini mbebeni ninyi."

Mzee Mazengo akageuka, akawaita vijana wake. Kefa alikuwa amefika na watu wake. Bila kuambiwa Kefa akachukua koleo, wakafukia na Yotham. Na wale wa Mazengo wakabeba jeneza, wakavuka nalo korongo. Walimzika pamoja, na hakuna aliyehubiri kuhusu umoja.

Tuliporudi tukapakua ugali na mlenda. Walikaa makundi mawili bado. Kefa akamwangalia Mazengo, Mazengo akamwangalia Kefa, nani aombee chakula. Nikasema aombe mwenye nyumba.

Yotham akafumba macho. "Bwana, ulikaa ndani yake siku zote. Kaa ndani yetu pia. Asante kwa chakula." Akanyamaza.

Watu wakasubiri. Mmoja akafumbua jicho. Mimi nilijua, ila mdomo wangu wote huu ulikataa. Nikaulazimisha.

"Mwitikieni," nikasema. "Hiyo hasemagi yeye. Ilikuwa ya Angelina."

Amina ikatoka pande zote kwa pamoja. Yotham akamega tonge, akatafuna polepole. Machozi hayakumtoka.

Makanisa bado ni mawili, nisikudanganye. Kinanda nacho nasikia kimeharibika. Ila mchana haipiti siku bila mtu wa kumwitikia: nisipokwenda mimi, anakwenda Kefa, au Mzee Mazengo. Yotham anaomba, ananyamaza, anasubiri.

Juzi tulikutana pale wote. Alipomaliza kuomba, wale wawili wakaitikia pamoja kabla yangu. Yotham akaivuta sahani kwake haraka kidogo.

"Vipi shemeji," nikamuuliza, "unasikia kitu siku hizi?"

Akatafuna, akameza.

"Njaa," akasema.