Kifaa cha Kiswahili

Melkizedeki wa Mgori alikuwa na tabia ya kuchora mstari wa mkaa kwenye dumu la mafuta ya alizeti kila alipolifunga, ili kesho yake ajue kama limepungua. Kuku aliwahesabu jioni wakiingia bandani, akawahesabu tena asubuhi wakitoka, kana kwamba banda lenyewe lingeweza kuwala. Ukimkaribisha chai alikunywa, lakini alisubiri kwanza unywe wewe. Wapo waliosema amezaliwa hivyo. Selina, mkewe, alisema hapana, alianza mwaka ule mnunuzi wa alizeti alipokuja na mzani uliofungwa sumaku kwa chini, na jasho la msimu mzima likaondoka kwa nusu ya uzito wake. Tangu hapo mzee wetu hakumwamini mtu, wala hakutaka hata kumsalimia mtu yeyote mwenye mzani.

Kitu kimoja tu alikiamini, nacho ni redio. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane, kaka yake alikwenda vita vya Kagera, na baba yao akawa anawaketisha wote jioni mbele ya redio kubwa ya jirani. Redio ilisema vita vinakwisha, vikaisha, na kaka akarudi na miguu yake yote miwili. Baada ya hapo ungemwambia nini kuhusu redio? Sasa alikuwa amepita miaka sitini, na alikuwa na yake mwenyewe, ndogo ya kubeba mkononi, nyeusi, yenye bendi tisa na antena ndefu kuliko mkono wake. Aliinunua mnadani. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu alifungulia idhaa moja ya Kiswahili ya ng'ambo, kwenye masafa mafupi, kwa sababu stesheni za FM za mjini zikifika kwake huwa zimeshachoka, zinakwaruza tu. Habari za dunia zilimfikia kabla ya uji, kisha akaenda shamba akitembea kama mtu aliyetoka kwenye kikao kikubwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, wakati watu wanapiga alizeti, idhaa ile haikuwapo.

Alizungusha taratibu kwenda na kurudi. Waarabu wapo. Wachina wapo, tena wanapiga kelele. Kuna mwanamke anaimba kwa lugha asiyoijua. Lakini pale pa Kiswahili palikuwa na shshsh tupu, kama mtu anapepeta uwele. Alitoka nje, akapanda kichuguu, akainua redio juu ya kichwa. Shshsh. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Siku ya nne akakumbuka kwamba wiki hiyohiyo alikuwa ameipeleka redio kwa fundi, kurekebishiwa springi ya betri iliyolegea, akaibeba, akarudi kwa fundi huyohuyo.

Fundi mwenyewe alikuwa Isaka, mdogo wake Selina, wa tumbo moja naye, ndugu pekee aliyembakia. Isaka alikuwa na kibanda cha mabati pale senta, meza moja, na droo iliyojaa matumbo ya redio na simu zilizokufa. Kazi yake ilikuwa safi na mdomo wake mfupi.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Isaka, redio yangu inashika Waarabu, inashika Wachina. Kiswahili haishiki. Ilitoka kwangu ikiwa na Kiswahili. Imerudi bila Kiswahili."

Isaka akaifungua mbele yake, akaangalia, akaijaribu, akaifunga. "Shemeji, redio ni nzima. Nimesikia kituo chenyewe kimeacha masafa mafupi. Siku hizi wanarusha kwa FM huko mijini na kwenye simu."

Melkizedeki akacheka. Kituo kihame? Kituo ni mfugaji, kifuate malisho? Tangu vita vya Kagera watu wanasikiliza, leo kiondoke bila kuaga, na anayejua habari hizo awe fundi wa Mgori peke yake? Alimwangalia Isaka, kisha akaiangalia ile droo.

"Kama huniamini, waulize wenye redio kama hii," Isaka akasema. "Wapo. Wasikie wao wanasemaje."

Maskini Isaka. Alidhani amejitetea.

Melkizedeki akaanza kwa Mwalimu Naftali, mstaafu, aliyenunua redio mnada uleule, ya aina ileile, hata mkoba uleule. Akaulizia maoni yake kama mtu anayetaka kumshauri mwanawe anunue. Mwalimu Naftali akavua miwani. "Bwana Melki, hii ni mashine. Mtangazaji unamsikia kama amekaa kwenye hicho kiti ulichokalia."

"Kiswahili?"

"Kiswahili ndiyo. Hata leo asubuhi."

Akaenda kwa Agripina, mjane mwenye duka la chumvi na sabuni, ambaye naye alikuwa nayo. Agripina akasema ya kwake ni safi mno, jana amesikia mpaka wanavyovuta pumzi kabla ya taarifa. Akaenda kwa Sixbert, mwenye ng'ombe wengi, akamkuta ameining'iniza redio shingoni kama medali. Sixbert akasema tangu ainunue hajawahi hata kubadili betri, inasema tu.

Msomaji, wewe unajua mtu anavyokisifia kitu alichokinunua mnadani mbele ya watu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Melkizedeki, aliyewashuku hata kuku wake, hili hakulishuku. Wote watatu walisema jambo moja, na jambo lenyewe lilikuwa hasa lile aliloliogopa na kulitamani: redio zote zina Kiswahili, isipokuwa ile iliyopita mikononi mwa Isaka. Akarudi nyumbani na hakika yake. Ndani ya redio kuna kifaa cha Kiswahili, na shemeji yake amekinyofoa.

Angeweza kuyamaliza nyumbani. Selina alimwomba hivyo, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kinyaturu, lugha anayoitumia yakimfika kooni. Lakini Ijumaa ile kulikuwa na mkutano wa kijiji juu ya madawati ya shule, na mwenyekiti alipofika kwenye mengineyo, Melkizedeki akasimama. Akaeleza yote, akawataja mashahidi wake watatu. Mwalimu Naftali akaitikia kwa kichwa. Agripina akasema, "Ya kwangu ni nzima, haijawahi kufika kwa fundi." Isaka akasimama, akasema alichokisema kibandani, kwamba kituo kimeondoka, na watu wakacheka vilevile alivyocheka Melkizedeki.

Hakuna aliyemfunga Isaka wala aliyemtoza faini. Watu walimfuata mmoja mmoja kuchukua simu zao, hata ambazo hazijapona. Kama amemnyofoa shemeji yake, mgeni atambakizia nini? Aliyempelekea taa yake ya sola alikaa palepale kwenye benchi, akimkodolea macho kila aliposhika bisibisi. Mwezi wa saba ukaisha, wa nane ukaingia, na kibanda kikawa kinafunguliwa kwa mazoea tu. Siku moja Isaka akaja kumwambia dada yake kwamba amepata chumba Mwankoko, pembezoni mwa mji. Alhamisi ya wiki inayofuata anahamia huko na watoto. Selina alikaa jikoni mpaka ugali ukaungua, na hilo halijawahi kutokea katika ndoa ile.

Melkizedeki hakujuta, bado. Lakini habari alizikosa sana, ukweli usemwe. Asubuhi yake ilikuwa na shimo. Kwa hiyo akaamua kwenda kusikilizia kwa wenye bahati. Akabisha kwa Mwalimu Naftali saa kumi na mbili na robo, na Mwalimu akatoka upesi, akaufunga mlango nyuma yake. Betri zimekwisha, akasema. Kesho yake akarudi na betri mpya mfukoni. Mwalimu akasema redio ameiazimisha. Kwa nani? Kwa mtu.

Hapo ndipo ile tabia yake ya zamani ilipoamka. Mtu anayesifia kitu halafu anakificha! Kesho yake hakubisha mlango wa mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba ya Agripina, akasimama kwenye ua wa minyaa kama mwizi wa kuku, akatega sikio. Saa kumi na mbili na nusu kamili akasikia Agripina anaiwasha redio.

Shshsh.

Alisubiri. Shshsh ile ikaendelea, akachungulia kupitia dirisha. Agripina alikuwa amejifunga kanga, ameketi mbele ya redio na kikombe cha chai, anaisikiliza. Alikunywa chai yake yote hivyo, mtu mzima, akiisikiliza redio isiyosema kitu, mpaka saa moja ilipofika, akaizima, akasimama kwenda kufungua duka.

Melkizedeki alizunguka mbele, akasema hodi, na Agripina alipomwona usoni akajua. "Tangu lini?" Melkizedeki akauliza.

"Tangu mwezi wa sita." Akaangalia pembeni. "Nilidhani ni ya kwangu tu. Nilidhani mpangaji wangu ameichezea, nikamfukuza. Ningesema nini? Kila mtu anasema ya kwake ni nzima. Nionekane mimi ndiye niliyeuziwa gunzi?"

Kwa hiyo Isaka alisema kweli. Melkizedeki alihisi aibu ya kweli. Akamwomba Agripina aje kwenye mkutano wa kijiji Jumatano aseme hayohayo, sentensi moja tu, Isaka abaki. Agripina akasema atakuja. Akamfuata Sixbert, akamfuata Mwalimu Naftali. Sixbert hakukiri wala kukana, aliita tu ng'ombe wake. Mwalimu Naftali akamwambia kwa upole kwamba yeye hana tatizo lolote na redio yake.

Jumatano watu walijaa, maana kulikuwa na suala la mbegu. Selina alikuja. Isaka naye alikuja, akasimama nyuma kabisa karibu na baiskeli. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, Melkizedeki akasimama.

"Mwenyekiti, nilimsema vibaya shemeji yangu hapa hapa. Redio yangu ni nzima. Hakuchukua kitu. Kituo ndicho kimeondoka, kama alivyotuambia, na redio zote za Mgori hazikishiki. Mimi nilikosea, na ninamwomba radhi mbele yenu."

Kisha sauti ikatoka upande wa vijana: "Mzee, umepewa nini?" Watu wakaangua kicheko.

Mwalimu Naftali akasimama, akavua miwani. "Mwenyekiti, mimi ya kwangu inasema vizuri tu. Nadhani mzee mwenzetu amebanwa nyumbani. Tusimlaumu. Shemeji ni shemeji."

Melkizedeki akamtafuta Agripina kwa macho. Alikuwapo, mstari wa tatu, lakini alikuwa ameinama anafunga fundo kwenye ncha ya kanga, analifungua, analifunga tena. "Agripina!" akamwita. Agripina hakuinua uso.

"Basi ileteni!" Melkizedeki akapaza sauti. "Mwalimu, ilete hapa kesho asubuhi hiyo redio, tuisikie wote!"

Mwalimu Naftali akamwangalia kwa huruma. "Bwana Melki, hata mimi unanishuku?"

Kicheko kilichofuata hakikuwa na mwisho. Yule anayewahesabu kuku! Yule anayesubiri unywe wewe kwanza! Mwenyekiti mwenyewe alicheka, akafunga mkutano. Melkizedeki alibaki amesimama na ukweli wake mkononi, ukweli wa kwanza alioupeleka kwa watu bila kuficha kitu, na hakuna aliyetaka kuupokea. Alitaka kulia, na hakujua mzee anaanzia wapi.

Isaka alimsubiri kwenye baiskeli. "Asante, shemeji," akasema. "Umesema."

"Hawakuniamini."

"Niliona." Isaka akalifuta tandiko kwa kiganja. "Hata mimi, ningekuwa si Isaka, nisingekuamini."

Alhamisi asubuhi gari la kubebea mizigo halikuweza kuingia mpaka kibandani kwa sababu ya korongo, hivyo vitu vikabebwa kwa mikono hadi barabarani. Selina alibeba godoro na mtoto wa mwisho wa Isaka. Melkizedeki hakusubiri kuambiwa. Aliinua meza ya ufundi, na droo yake ikiwa imejaa vilevile, akaiweka kichwani, akaanza kupita nayo katikati ya senta. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Watu walikuwa wanafungua maduka, wakamwamkia shikamoo, na yeye akaitikia marahaba. Kila aliyemwamkia aliiangalia ile meza, akamwangalia yeye, kisha akageuka nyuma kuona kama mwenyewe Isaka anajua kwamba meza yake inaondoka.