Magoti ya Profesa Anaclet

Wana Bukavu, simameni, vueni kofia: anapita Profesa Anaclet, bingwa wa fizikia! Anapita kwa magongo, lakini anapita.

Miaka yote ya vita alituimbia somo moja darasani: kila kinachokwenda kina momenta, yaani uzito wake mara kasi yake, na kusimama ni kuimaliza. Ukiimaliza polepole, pigo ni dogo. Ukiimaliza ghafla, mfupa utajua. "Ndiyo maana mutu akiruka anakunja magoti na kubingirika, bande ya wajinga nyinyi!"

Basi siku moja, akirudi kutoka Kavumu juu ya kamiyo, lori la mihogo, askari wakafyatua risasi kizuizini. Abiria wakaruka kabla gari halijasimama. Wote walibingirika matopeni kama viazi, hata padri na kanzu yake nyeupe, wakainuka, wakakimbia. Profesa peke yake alitua wima, miguu imenyooka ndani ya pantalo kama mishumaa ya altareni. Yote miwili ikavunjika.

Hospitalini, mkewe Constance akamuuliza mbele yetu, "Papa, na ile lesoni ya magoti?"

Profesa akageukia ukuta.

"Pantalo ilikuwa imepigwa pasi."