Uboho wa Nayab

Miaka mitano ilikuwa imepita tangu Sarmad, aliyeugua ugonjwa wa damu, apandikizwe uboho wa Nayab, binti wa shangazi yake, naye bado hakuwa amezoea kuandika kundi lake la damu. Alizaliwa O, sasa uboho huo ulikuwa umemfanya B, kama Nayab. Kwenye kiwanda cha feni pale Gujrat, Pakistan, alikokuwa akisuka nyaya za mota, karani alimrudishia fomu mara mbili, akimwambia damu ya mtu haibadilishwi kama shati.

Alikuwa na miaka ishirini na minne. Vijana wawili waliolazwa naye wodi moja kule Rawalpindi walikwisha kuzikwa. Yeye alibaki, na macho makavu yanayowasha, na uhai ambao hakujua aushike wapi.

Ndipo shangazi mwenyewe akaja kuleta neno: Nayab aolewe na Sarmad. Nyumba nzima ilifurahi, ila bibi. Akasukuma kando sinia la dengu alizokuwa akichambua.

"Walionyonya ziwa moja hawaoani," alisema. "Maziwa tu hayo. Seuze uboho! Huyu si mchumba wake, ni dada yake."

Ijumaa baba yake Sarmad akaenda kwa shehe kuuliza, Sarmad akabaki nje ya msikiti akilinda viatu, akiomba shehe akatae. Dawa za kabla ya kupandikizwa zilikuwa zimemkausha. Daktari alimpima na kumwambia hatapata mtoto. Hakuwa amemwambia mtu. Shehe akikataza, hapatakuwa na haja ya kusema.

Baba akatoka anatabasamu. Kinachoharamisha ndoa, shehe alisema, ni maziwa ya utotoni. Damu na uboho haviharamishi. Sarmad akamshukuru Mungu kwa sauti, na moyo ukamruka kwa furaha aliyoshindwa kuielewa.

Jumapili Nayab akamkuta darini, amejibanza kivulini penye ngazi, maana jua lilimchoma vibaya siku hizi.

"Haya, kaka," akamchokoza, "shehe amekuvua ukaka. Unanitaka, hunitaki?"

Sarmad akamwambia yote, hata neno la daktari.

"Umejua tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Ukaniacha ningoje fatwa." Hakupandisha sauti. "Ulitaka shehe akatae?"

"Nilitaka. Alipokubali nikafurahi." Akafikicha macho. "Sijui, Nayab. Hata furaha yenyewe sijui kama ni yangu."

"Usinisingizie mimi. Nilikupa uboho, sikukupa woga."

Nayab akaketi ngazini kando yake, akiacha nafasi ya kumtosha mtu mmoja katikati yao. Chini walimsikia bibi akimwita mtu alete chai.

"Mama nitamwambia mwenyewe," alisema hatimaye. "Wewe nyamaza mpaka nirudi."

Akashuka. Kama alikwenda kumshawishi mama yake awaoze hivyo hivyo au kuvunja posa, Sarmad hakujua, na wala hakumwita amuulize.