Siku Mbili Zilizobaki za Fundi wa Umeme

Majirani wangu wa Sake, karibu na Goma, wakitaka kuweka umeme wa jua, wananiuliza mimi, kwa sababu makosa yote nilishayafanya. Ninawaambia: fundi akija, usimuulize kama anajua kazi. Sijawahi kusikia fundi anasema hajui. Muulize alifanya nyumba gani, kisha nenda kule, uwashe na kuzima taa wewe mwenyewe. Waya mununue pamoja, ukiwa umesimama pale dukani. Na usimulipe yote siku ya kwanza, hata kama iko mukristu, hata kama amesali kabla ya kula ugali wako.

Wangu alisali kabla ya kula. Alikuwa muntu wa Butembo, mukatoliki, shati imefungwa mpaka kifungo cha juu kabisa, na alisali mpaka sombe, mboga yangu ya majani ya muhogo, ikapoa. Nilimuchukua kwa sababu mwenye duka jirani yangu alikuwa na taa yake mwaka wa pili na haijawahi kuleta matata.

Mimi sikutaka umeme kwa ajili ya sifa. Nilitaka simu yangu isizimike. Mama yangu mzazi alikuwa amebaki kijijini kwetu Buleusa, akakataa kabisa kuacha shamba lake la muhogo, na vita ilikuwa katikati yetu. Kila Jumapili kisha ibada alipanda kilima chenye rezo ya simu, ananiita dakika mbili, anauliza kama nimekula, anakata. Hiyo njo ilikuwa njia yangu moja ya kujua kama angali muzima. Sokoni palikuwa pa kuchajia simu, ni kweli, lakini askari walikuwa wanakuja, wanachomoa simu yako, wanachomeka yao, na wewe unasema aksanti.

Basi tukapatana. Nusu ya malipo mwanzoni, nusu nyingine taa ikishawaka juma zima bila kuzimika. Hayo ya juma zima aliyasema yeye mwenyewe, mimi sikuyaomba. Nilifikiri iko mujinga kidogo.

Tukagombana kesho yake tu, kwa sababu ya ukuta. Nyumba yangu ni ya udongo, lakini ndani nilikuwa nimeipaka simenti, na simenti ile nilikuwa ninaipenda. Yeye akatoa misumari. Alitaka waya zipite juu ya ukuta, wazi, kila muntu anaziona.

“Njo tunafanya hivi huku, Mama,” akasema. “Siku ya kukimbia unavuta, unakunja, unatia ndani ya beseni, unaenda.”

“Papa, mimi nilishakimbia mara nne,” nikamuambia. “Nimemaliza. Weka waya ndani ya ukuta, kama Goma.”

“Na ukikimbia mara ya tano?”

“Nimesema nimemaliza!”

Nilipiga kelele, sifichi. Nilikuwa nimechoka kuishi ndani ya nyumba yangu kama mugeni anayengojea gari. Akaniangalia, akaangalia ukuta. “Ukuta ni wako,” akasema, na akaanza kuchimba. Akafukia waya pamoja na prize, lile tundu la kuchajia simu, akaziba kwa simenti, akapaka rangi. Ilipendeza, nisiseme uongo. Wamama wa jirani walikuja kupapasa ukuta kwa vidole kutafuta waya zimepita wapi.

Taa ikawaka Jumatatu. Ikawaka Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi pia ingewaka vizuri, lakini mchana risasi zilianza kulia upande wa vilima, na hata sombe haijaiva jikoni, Sake nzima ilikuwa njiani.

Nilipanda juu ya bati na kitenge changu, nikangʼoa pano ya jua, kile kibao kinachokamata jua. Batri nikaitia ndani ya beseni. Kisha nikasimama mbele ya ule ukuta na kisu cha jikoni. Fundi yule alijua kuchanganya simenti, Mungu amubariki. Nilikwaruza, nikavunja ukucha mmoja, nikaenda.

Tukafikia kwenye darasa la shule moja upande wa Goma, watu wengi kuliko benchi. Simu yangu ikazimika jioni ile ile. Pano ninayo, batri ninayo, waya na prize viko ndani ya ukuta mzuri Sake. Mulangoni pa shule kijana mmoja alikuwa anachaji simu za watu, na mbili zilikuwa zimeshapotea. Mama alikuwa na namba moja tu ya kunipata, imeandikwa nyuma ya Biblia yake. Yangu ikipotea, na mama amepotea. Sikuitoa. Jumapili ikapita. Nililia siku ile, nikatukana fundi, nikatukana simenti, na mimi mwenyewe nikajitukana kushinda wote.

Ijumaa iliyofuata fundi akaingia darasani, alikuwa amenitafuta shule kwa shule. Shati imefungwa mpaka juu, vumbi ya simenti mpaka kwenye nyusi. Akafungua gunia, akatoa waya zangu na prize.

“Ukuta wako nimeuvunja, Mama. Pole.”

“Ayi! Ulirudi Sake?”

“Asubuhi kulikuwa kimya.”

“Wangekuua! Ulifuata nini kule?”

Akaanza kupiga misumari kwenye dirisha la darasa. “Juma halijaisha,” akasema. “Zimebaki siku mbili.”

Taa ikawaka Ijumaa. Ikawaka Jumamosi. Jumapili akatoka misa, akaja kuchukua nusu yake, na nilikuwa ninafungua kitambaa cha pesa wakati simu iliita. Mikono ilikuwa imejaa pesa, yeye njo alinibonyezea.

“Ni nani?” Ilikuwa sauti ya mama.

“Ni mimi, Mama.”

Akaniuliza tena kama ni mimi kweli, na mimi najua dakika zake ni mbili.

“Simu yako ilikuwa imekufa,” akasema. “Walisema Sake imekwisha. Nilipanda kilima kila siku. Siku ya tatu nikasema basi. Nikanyoa kichwa. Leo nimeita tu kwa sababu ni Jumapili.”

Kwetu unanyoa kichwa ukifiwa.

“Kumbe nimelia bure,” akasema, na alikuwa amekasirika kweli. “Umekula?”

Nikamuambia nimekula. Akakata.

Nikamulipa fundi pale pale. Nilitaka kumuongezea, akakataa, akasema mapatano yetu hayakusema kuongeza.

Risasi ziliponyamaza, tulirudi Sake. Shamba la muhogo likavunwa na watu wenye bunduki, na mama akakubali kuja. Alishuka juu ya magunia ya lori, nywele zimeota kiasi cha punje ya muchele. Akaingia, akasimama mbele ya ukuta wangu. Mufereji aliouchimba fundi ulikuwa wazi bado kutoka mulangoni mpaka dirishani, na juu yake waya zinaningʼinia kwenye misumari.

“Mbona hukuzificha hizi waya?” akauliza. “Nyumba iko na simenti.”

Nikaweka kiganja juu ya kichwa chake. Nywele zikanichoma.

“Ni za kuvuta, Mama. Siku ya kukimbia.”

Akaangalia waya, akaangalia mulango. Akatua mufuko wake chini.

“Basi nionyeshe namna ya kuvuta,” akasema.