Nguzo Kumi na Moja Hadi kwa Mdogo Wangu

Kiharusi kilinipiga upande wa kulia nikisonga ugali. Miezi mitano baadaye mtaalamu wa mazoezi aliniambia kwa upole kwamba nusu ya nguvu zangu imesharudi, na kuanzia hapo nafuu itakuja kidogo, kila mara pungufu ya mara iliyopita. Nisitarajie kwenda mbali kuliko uani.

Binti yangu, mwalimu wa hesabu, alikuja likizo. Alipokuwa akinikanda mguu alinisimulia habari za Myunani mmoja wa kale aliyedai hakuna afikaye popote. Ukitaka kufika mlangoni, lazima kwanza ufike nusu ya njia. Kisha nusu ya iliyobaki. Kisha nusu ya hiyo nayo, na nusu haziishi. Alidhani nitacheka. Nilikasirika, maana hesabu hiyohiyo nilishapewa hospitali.

"Kesho nakwenda kwa mdogo wangu," nikamwambia. "Kwa miguu."

Mdogo wangu anakaa barabara ya Kwihara, njia ya wapagazi wa zamani. Babu wa baba yangu alipita hapo na pembe ya ndovu begani, akafika pwani, akarudi. Kutoka kwangu ni nguzo kumi na moja za umeme.

Tulitoka asubuhi, mimi na fimbo, binti yangu na kigoda. Nguzo ya sita mguu uligoma. Nikakaa kwenye kigoda katikati ya vumbi, jasho likinitiririka. Kijana wa bodaboda akasimama akataka kunipakia; nikakataa. Binti akaninong'oneza turudi, kwamba nusu ya njia si haba.

"Nusu nimeshapewa," nikamjibu. "Sikuitaka."

Nikainuka. Nilianza kuangalia nyayo zangu kwenye mchanga: hatua zilikuwa fupi, za mtoto, lakini hazikupungua. Kila moja ilikuwa sawa na iliyotangulia. Nikamwonyesha binti yangu mwalimu, akatazama, akabeba kigoda tukaendelea.

Mdogo wangu alikuwa akiosha vyombo, mikono imejaa povu.

"Shikamoo dada. Nani kakuleta?"

"Marahaba. Nimekuja."

Alilia, nami nikadai chai.

Kurudi nilipanda bajaji, na sioni aibu. Sasa naenda kila Jumamosi, nikiburuta mguu vilevile. Mtaalamu ameandika kwenye kadi yangu kwamba hakuna mabadiliko makubwa. Aandike.