Magugu ya Shemeji

Mume wa dada yangu tunamwita Msumeno. Miaka thelathini alipasua mbao, na mvule aliujua kuliko sisi sote. Aligonga shina kwa mgongo wa shoka, akakwambia kama ndani kuna uwazi. Mivule ilipobaki ya kuhesabika, kikundi chetu cha kutunza msitu kilimkabidhi kitalu cha miche. Alikubali hata hatujamaliza kusema.

"Nimekata mingi mno," alisema. "Acheni niirudishe, japo kidogo."

Misimu miwili ikapita, mvule hata mmoja hauonekani. Si kwamba alizembea. Alimwagilia asubuhi na jioni, akapalilia kwa vidole mpaka matuta yakawa safi kama sahani. Mwenyekiti wetu, mama asiyezunguka maneno, akamwambia wazi: Jumamosi kusipokuwa na kitu, tunaotesha mikaratusi. Kazi yangu siku zote ni kumtania shemeji, lakini wiki hiyo nilimwonea huruma kweli.

Ijumaa akaja jikoni kuomba chai. Mlangoni dada alikuwa na kopo la rangi, ndani yake kijimti cha majani yenye meno meno.

"Nini hiki?"

"Magugu yako ya msimu uliopita. Uliyatupa, nikaokota moja. Si zuri?"

Akavunja jani kwa mazoea tu. Utomvu mweupe ukachuruzika. Akaunusa, akaunusa tena, kisha akakaa kizingitini akicheka mpaka machozi yakamtoka. Majani ya mvule mzima hayana meno. Ya mche yanayo, na yeye maisha yake yote hakuwahi kuinama kuutazama mche. Kila ulioota, aliung'oa mwenyewe.

Jumamosi kikaoni alilibeba kopo kwa mikono miwili. "Mikubwa niliiangusha kwa msumeno," akakiri, "midogo nimeimaliza kwa vidole." Mwenyekiti alivua miwani afute macho kwa kicheko. Mvule ukabaki, Msumeno akabaki, ila palizi akapewa dada.

Msimu huo tulipata miche mia nne. Ule wa kopo tuliupanda kando ya kisiki kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuacha msituni. Sasa umempita kimo. Juzi nilimkuta akiugonga kwa kidole, uso umemchangamka.

"Vipi, umeshafaa mbao?" nikamchokoza.

"Wapi! Nitazikwa kabla haujatoa hata ubao mmoja," akasema. "Raha iliyoje, shemeji!"