Mama na kamashine ka kusoma panne

Bandugu, huyu mama yangu ni mutu wa namna gani?!

Leo taa ya moteur, injini ya motokari yangu, iliwaka wakati miye na mama tulikuwa tunatoka soko ya Musienene. Kufika nyumbani, nikachomeka mu motokari kamashine kangu ka kusoma panne, ni kusema ubovu yake, kifua mbele.

Mama, mutu hajui hata kufungua capot, kifuniko ya moteur, akasema: «Mu moteur yako muko batu bane benye kutwanga. Moja wao amechoka.»

Nikacheka.

Kamashine kakaandika P0303: silindri ya tatu, kati ya ine, haiwake muzuri.

Nikamugeukia. «Mama, ulijua namna gani?»

«Kwa ndoa tunatwangaka majani ya sombe tuko bane, kinu moja. Mwenye kuchoka, ninamusikiaka tu.»

Akaangalia kamashine: «Na haka, njo kanasikia sasa? Miye nilisikia tangu Musienene.»